Kutoa stika kuukuu za maandishi kwenye gari, kioo na vibao: kabla hujashika tina, soma hapa kwanza

Mkata Stika (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nakata na kubandika stika hapa Dar, na ni kazi ninayoipenda. Watu hutuona siku ya kubandika tu, gari likiwa limeoshwa na herufi zinang'aa. Hawatuoni siku ya kubandua, na huko ndiko mali za watu zinakoharibika. Jambo la wiki iliyopita limenifanya nikae chini niandike.

Kaka mmoja alinunua Noah ya rangi ya fedha iliyokuwa ya ofisi. Milango ya mbele yote miwili ilikuwa na jina la ofisi hiyo kwa herufi za bluu, kila moja urefu wa kiganja. Akaipeleka kwa fundi wa karibu na kwake. Fundi akapitisha ncha ya kisu pembeni mwa kila herufi ili azinyanyue, zilizogoma akazimwagia tina, ile ya kuzimulia rangi, na kusugua. Stika zilitoka, na klia, ile ngozi angavu ya juu ya rangi, ikatoka, na sehemu nyingine rangi yenyewe ikatoka mpaka praima ya kijivu ikaonekana. Gari lilipofika kwangu, jina la ofisi lilikuwa bado linasomeka mlangoni, safari hii limechorwa kwa ncha ya kisu. Hapo hakuna la kubandua wala la kung'arisha. Ni msasa, praima na rangi upya, milango miwili, kwa gari ambalo mtu kalinunua kwa kujinyima.

Nilipoweka sumaku chini ya kitasa cha mlango wa kushoto ikateleza ikaanguka. Puti tupu, ile ya kujazia mabonde. Mlango ulishawahi kugongwa na kupigwa rangi mtaani kabla hata huyu kaka hajalinunua gari, na hakuna aliyeangalia. Ndiyo maana nasema kila siku: usiulize stika ni ya aina gani, uliza imekaa juu ya nini. Stika unaitoa na kuitupa. Kilicho chini yake ndicho utakachobaki nacho.

Kwa hiyo kwenye gari, kabla ya yote, kagua rangi. Pitisha sumaku ndogo iliyovikwa kitambaa. Pakiwa na puti nene haishiki. Angalia mpira wa dirisha kama una vumbi la rangi, maana kiwandani rangi hupigwa kabla mipira haijawekwa. Ukiwa na shaka bado, loweka pamba kwa tina kidogo, gusa mahali pasipoonekana chini kabisa ya mlango huohuo, sekunde chache tu. Pamba ikirudi na rangi, hiyo ni rangi ya mtaani isiyo na hadina, yaani kigumishi. Hapo mwambie mwenye gari mapema, kabla hujaanza, kwamba rangi inaweza kuja na stika. Akikubali, fanya. Asipokubali, muache aende salama.

Sasa kwa nini stika kuukuu inasumbua? Hii plastiki ni PVC, ukoo mmoja na mabomba ya maji. Kwa asili yake ni ngumu na inavunjika. Kiwandani huchanganywa na kilainishi ili ijikunje na kulala kwenye bodi. Jua la miaka linakitoa kile kilainishi kidogokidogo. Stika ya mwaka mmoja inaambuka nzima kama ganda la ndizi mbivu. Ya miaka minane inakatikakatika kama ganda la yai. Ya boneti na ya paa huwa mbaya kuliko ya mlangoni, kwa sababu zenyewe zinalitazama jua uso kwa uso.

Halafu kuna ubora. Stika ya kasti, ambayo ni nyembamba, kama mikroni 50, hukaa miaka mingi bila kunywea. Ya kalenda, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa mitaani, ni nene zaidi na hunywea. Utaitambua ikiwa imezeeka: pembeni mwa kila herufi kuna mstari mwembamba mweusi. Ule siyo kivuli. Stika imerudi ndani, gundi imebaki wazi, vumbi limenasa. Ukiona mstari ule, jiandae kwa kazi ya siku nzima.

Dawa ya kwanza ni joto. Si kemikali na si wembe. Joto linairudishia plastiki ulaini wake kwa muda na linailegeza gundi. Unalolitaka ni nyuzi 50 hadi 60 hivi za Selsiasi. Kama huna kipimo, weka mgongo wa mkono kwenye bodi: ukiweza kuhesabu moja, mbili, halafu ukatamani kuutoa, hapo ndipo. Ukishindwa hata kugusa, umezidisha. Drayeri ya saluni inatosha kabisa. Ile mashine ya mafundi ya kupuliza hewa ya moto inaweza kuvuka nyuzi 500, ukiisahau mahali pamoja kwa sekunde kadhaa rangi inapanda malengelenge na bampa la plastiki linajipinda. Kama ndiyo uliyo nayo, iweke kwenye moto mdogo, iwe mbali kama urefu wa shubiri, na mkono usisimame.

Na sisi wa huku tuna joto la bure. Gari la rangi nyeusi likiegeshwa Dar mwezi wa Januari saa saba mchana, bodi yake inafika joto hilo bila umeme wa mtu. Nimeshaambua maandishi ya upande mzima wa Hiace ya bluu iliyoiva kwa jua tu.

Namna ya kuvuta ndiyo yenye ufundi. Chukua herufi M. Usianzie katikati. Anza kwenye kona ya nje ya mguu, ipashe, iinue kwa ukucha au kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Ikishanyanyuka kiasi cha kushikika, ikunje irudi nyuma karibu ilale juu ya yenyewe, halafu vuta polepole, mwendo wa mtu anayekunja mkeka. Joto liwe linatangulia vidole kwa sentimita mbili tatu. Sikiliza: ikiwa kimya, unaenda sawa. Ikitoa mlio wa kukwaruza, trrr, ama umeharakisha ama imepoa, na gundi inabaki kwenye gari badala ya kuondoka na stika. Simama, pasha, endelea. Usiivute kwenda juu kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Kwa mvuto ule ndipo rangi dhaifu inapong'oka.

Magari ya mtumba kutoka Japani yenye majina ya kampuni milangoni yana jambo lake. Mara nyingi stika zao ni nzuri na zinatoka bila ugomvi, ila herufi moja ya Kijapani ina vipande vingi vidogo, kila kimoja kinataka kuanzishwa upya. Usikate tamaa na usichukue kisu. Pasha herufi nzima, anza na kipande kirefu kuliko vyote, mara nyingi kinavuta na vilivyoungana nacho.

Ikibaki gundi, hamisha gari. Hapa wengi hawajui: stika hutolewa juani, gundi hutolewa kivulini. Juu ya bodi ya moto spiriti inakauka kabla haijafanya kazi, na tina inapenya kwenye rangi haraka zaidi. Bodi ikishapoa, loweka kitambaa kwa mafuta ya taa au hata mafuta ya kupikia, kilaze juu ya gundi dakika tano hadi kumi, halafu sukuma kwa kidole gumba. Gundi inajikusanya vipande vidogo kama tope la ufutio wa shuleni. Maliza kwa spiriti kidogo, halafu osha kwa sabuni ya maji mpaka utelezi wa mafuta uishe. Ukibandika stika mpya juu ya mafuta, haikai hata wiki.

Na jamani, petroli hapana. Mafuta ya taa nayo ni moto, yasikae karibu na drayeri wala mashine ya joto. Maliza joto, chomoa waya, ndipo ufungue chupa. Tuna watoto wanacheza kwenye hizi gereji zetu.

Nawasilisha. Mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua.

---

Dereva wa Kimara

Mkuu, uzi wa maana sana huu, ubarikiwe. Mimi shida yangu ni kioo cha mbele. Nimenunua Coaster, upande wa kushoto kuna mrundikano wa stika, za ukaguzi, za nenda kwa usalama, mpaka zile za leseni ya barabara za miaka ileee. Zimebandikwa juu ya nyingine kama karatasi za mtihani. Wembe unafaa?

---

Mkata Stika

Kiongozi, kwenye kioo una bahati kuliko wote, maana kioo hakidhuriki na vitu vingi vinavyoua rangi. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo hizo za chini kabisa zimekaa hapo si leo. Hazina kazi, toa.

Nyingi ya hizo juu ni karatasi yenye plastiki usoni. Chuna plastiki ya juu kwanza, ukifika kwenye karatasi yenyewe loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Pachika kitambaa kilicholowa, funika na mfuko wa nailoni usikauke, kanywe chai. Ukirudi utakuta uji. Tabaka moja moja, usitake kuzimaliza zote kwa pigo moja.

Wembe ndiyo, lakini uwe mpya, kioo kiwe kimejaa povu la sabuni, uulaze karibu na kioo, na usukume mbele tu. Ukimaliza msukumo, inua, rudi mwanzo. Usiuburute kurudi nyuma, maana mchanga mmoja ulionaswa chini ya wembe unachora mstari ambao utauona kila taa ya gari linalokuja ikikupiga usiku. Futa vumbi lote kabla hujaanza, kwa sababu hiyohiyo.

Mambo matatu ya kuogopa. Kioo cha mbele usikipulizie hewa ya moto mahali pamoja, hasa asubuhi kikiwa na baridi, kinaweza kupasuka. Kioo cha nyuma kikiwa na zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu kwa ndani, wembe usifike. Ukikata waya mmoja umekata. Na penye tinti, wembe ni mwiko. Hapo ni joto na ukucha tu.

---

Mwanagereji

Nimesoma vizuri, mengi nakubaliana nayo, ila naona tina umeionea. Mimi napiga rangi mwaka wa kumi na tano. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri, tina ukiifuta kwa kitambaa mara moja na kuondoa, haiidhuru. Tunafuta gari zima hivyo kabla ya kupiga rangi. Tatizo la huyo fundi wa Noah ni kwamba alimwagia na kuiacha ikae, na aliimwagia juu ya rangi ya mtaani. Kifaa hakina kosa.

Na mbona hujataja gurudumu la mpira? Lile la kufunga kwenye drili. Kwa stika zilizokauka kama ganda la yai, ukitumia drayeri utalala gereji.

---

Mkata Stika

Mkuu nakushukuru, na kwenye rangi ya kiwandani uko sahihi. Kufuta mara moja na kuondoa si sawa na kuloweka. Nitabaki na msimamo wangu kwa sababu moja: wasomaji wengi wa uzi huu watafanya wenyewe nyumbani, na mtu wa nyumbani hajui kufuta mara moja. Gundi ikigoma anaongeza, anasugua, anaongeza. Wewe mkono wako unajua pa kusimama, wake haujui. Na plastiki za gari, taa, bampa, urembo wa pembeni, tina na asetoni zinaziunguza hata kwa mguso mfupi. Kwa hiyo kwa fundi kama wewe, sawa. Kwa mwenye gari, spiriti na subira.

Gurudumu la mpira nililisahau, umenikumbusha jambo kubwa. Ni kweli kwa stika iliyooza hakuna kinacholishinda. Linakula stika na gundi pamoja, yanatoka makombo kama ya ufutio. Ila lisome kwanza limeandikwa mwisho wa mizunguko mingapi kwa dakika, mengi ni 4000, na liwe linatembea muda wote. Likisimama mahali pamoja linapandisha joto na kuacha duara lililofifia kwenye klia, na duara hilo halifutiki kirahisi. Kwenye rangi ya mtaani na kwenye plastiki sitolitumia. Kwenye bodi ya chuma yenye rangi ya kiwandani, hasa zile namba kubwa za lori, ndiyo kazi yake.

Ukiwa kwenye lori, angalia usije ukazikomba na zile riflekta za pembeni na nyuma. Nimeona mtu kasafisha bodi vizuri sana, usiku lori halionekani. Ukizitoa, rudisha mpya siku hiyohiyo.

---

Pwani Tulivu

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Mombasa. Nilinunua Nissan iliyokuwa matatu, na nyinyi mnajua huku kwetu tangu 2004 kila matatu lazima iwe na ule mkanda wa manjano kuzunguka gari. Gari sasa ni ya kubebea mizigo yangu ya duka, hivyo mkanda lazima utoke. Mkanda nimeutoa kwa jua kama ulivyosema, umetoka vizuri alhamdulillahi. Lakini mstari bado uko! Rangi ya gari ni nyekundu, na palipokuwa na mkanda ni nyekundu kolevu, juu na chini pamekuwa kama waridi. Nimesugua gundi yote, imekwisha, mstari hauondoki. Nifanyeje?

---

Mkata Stika

Ndugu yangu, hongera kwanza kwa mkanda. Hicho unachokiona sisi tunakiita kivuli, na hapo hakuna gundi tena. Mkanda uliilinda rangi ya chini yake kwa miaka yote, huku jua likiipausha iliyobaki. Kwa hiyo palipoharibika si kwenye mstari. Mstari ndio ukweli wa rangi ya gari lako, kilichochakaa ni kilichouzunguka. Wengi husugua pale kwenye mstari wakidhani ndipo penye uchafu, wakazidi kuharibu. Sugua nje yake.

Jaribu hivi. Chukua kitambaa cheupe na kompaundi kidogo, ile dawa ya kusugulia rangi, sugua sehemu iliyopauka, ukubwa wa sahani. Kitambaa kikigeuka chekundu, gari lako lina rangi isiyo na klia, na hiyo ni habari njema. Ule upaukaji ni ngozi ya juu iliyokufa, ukiitoa wekundu wa zamani unarudi karibu kabisa kulingana na mstari. Fanya gari zima, malizia na polishi, na uipake tena kila baada ya miezi michache maana nyekundu inapauka haraka kuliko rangi karibu zote.

Kitambaa kikibaki cheupe, juu kuna klia. Hapo nenda taratibu. Klia ni nyembamba, kawaida mikroni 40 hadi 50 tu, wembamba wa unywele hivi. Kompaundi itapunguza kivuli, haitakimaliza, na ukilazimisha utaitoboa. Mwaka mmoja wa jua la Mombasa bila mkanda utasaidia kupunguza kilichobaki. Hata huku kwetu daladala zikibadilisha njia na mkanda wa rangi nyingine ukaja, mara nyingi tunapima mkanda mpya ulingane na kivuli cha ule wa zamani, jambo linaisha.

---

Pwani Tulivu

Kitambaa kimegeuka chekundu! Nimefanya mlango mmoja, ni kama gari nyingine. Shukran sana, Mola akuzidishie.

---

Mwenye Famasi

Habari wakuu. Nimechelewa kuuona uzi huu na nasikitika kweli. Nina kibao cha taa juu ya duka la dawa, kile cha boksi chenye uso mweupe wa plastiki na taa ndani. Nilibadilisha jina la duka mwezi uliopita. Nikatoa herufi za zamani, gundi nikaisafisha na dawa ya kutolea rangi ya kucha kwa sababu ilikuwepo nyumbani. Siku ileile uso ukawa na ukungu, kesho yake ukajaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Usiku taa ikiwaka zinaonekana zote. Inarekebishika?

---

Mkata Stika

Pole sana. Hapana, hairekebishiki, na ni afadhali nikuambie hivyo kuliko upoteze hela kwa polishi. Uso wa kibao kile kwa kawaida ni akriliki. Dawa ya kucha nyingi zina asetoni, na asetoni inaiyeyusha akriliki. Hata spiriti inaweza kuleta nyufa zilezile, hasa pembeni palipokatwa kwa msumeno au penye tundu la skrubu, maana hapo plastiki imebeba mkazo tayari. Tina ndiyo kabisa.

Kinachoshangaza watu ni kwamba mafuta ya taa, ambayo wanayaogopa, akriliki inayavumilia. Kibao kijacho tumia hayo, au mafuta ya kupikia, kwa kitambaa laini, kisha maji ya sabuni mengi. Zima umeme kwanza. Wembe usiguse, hata ukilazwa. Herufi zipashe kwa drayeri ya saluni kwa moto wa chini, maana akriliki nayo inalegea kwa joto.

Na kwa kuwa swali la vibao limekuja: vile vya alukobondi vina ngozi nyembamba ya aluminiamu pande mbili na plastiki katikati. Ukivichoma sana ngozi inaachia na kufura, uso unabaki na mabonde. Joto dogo. Vibao vya mbao vilivyopakwa rangi ya mafuta, usijisumbue kuokoa rangi, itakuja na herufi. Toa, piga msasa, paka upya. Ukuta wa emalshani, yaani rangi ya maji, ni hivyohivyo.

---

Binti wa Ngamiani

Kaka, shikamoo. Nimesoma uzi wote mara mbili. Sina gari, nina kioo.

Mama yangu alikuwa na duka la kushona hapa Tanga. Amefariki mwaka jana. Kioo cha mbele cha duka kina maandishi yake ya stika nyekundu, jina lake na "Ushonaji wa Nguo za Kike na Sare za Shule". Yalibandikwa nikiwa darasa la tano, nakumbuka nilishika ngazi. Sasa herufi zimepasukapasuka, nyingine zimedondoka, sare imebaki "S re". Duka tunalifungua tena mimi na mdogo wangu, tunataka kioo kiwe safi. Lakini naogopa. Nikizikwangua zitakuwa makombo na jina la mama litakwenda na makombo. Kuna namna ya kuzitoa zikiwa nzima?

---

Mkata Stika

Marahaba dada yangu. Pole sana kwa kumpoteza mama.

Nzima hazitatoka, sitakudanganya. Zikishaanza kudondoka zenyewe, kilainishi kimekwisha siku nyingi. Lakini jina unaweza kulichukua kabla hujagusa herufi hata moja, na ndivyo ninavyokuomba ufanye.

Nunua karatasi ya kalki, ile ya kunakili mitindo ya nguo, bila shaka mama alikuwa nayo. Futa kioo kwa kitambaa kikavu taratibu, bandika karatasi juu ya maandishi yote kwa utepe, halafu pitisha penseli iliyolazwa ubavu. Kingo za stika zitajichora zenyewe, kwa sababu ziko juu kidogo ya kioo. Mahali herufi ilipodondoka, angalia kioo kwa mshazari jua la asubuhi likipiga. Gundi yake imebaki, umbo lake lote liko pale. Lifuatishe kwa penseli. Hata ile A ya "Sare" utaipata. Kisha piga picha ukiwa umesimama sawasawa mbele ya kioo, usiinamishe simu, na uweke rula kando ya maandishi ionekane kwenye picha. Kwa karatasi ile na picha ile, mkata stika yeyote hapo Tanga mwenye plota, mashine ya kukatia herufi, atakukatia herufi zilezile, umbo lilelile, ukubwa uleule.

Kabla ya kutoa, hakikisha zimebandikwa nje au ndani ya kioo. Pitisha ukucha tu. Maduka mengi hubandika kwa ndani, zikiwa zimegeuzwa. Kisha povu la sabuni, wembe mpya, kusukuma mbele, kama nilivyomweleza ndugu wa Coaster. Kwenye kioo haina hatari. Anza chini kwenda juu ili maji machafu yasikulegezee herufi ambazo hujazifikia.

---

Binti wa Ngamiani

Nimefanya leo asubuhi kaka. Karatasi za kalki zilikuwa kwenye droo ya cherehani, mbili bado zina alama za kola za sare. A imepatikana, na koma moja ambayo sikuwahi kuiona.

Herufi zote nimeshazitoa, kioo ni safi. Jua lilipopiga mchana tukaona jina lake limechoreka kwenye ubao ulioegemea kioo kwa ndani, hafifu, kwa sababu rangi ya ubao haikupauka mahali herufi zilipokuwa zikiukinga na jua. Mdogo wangu amesema ubao ule tusiupake rangi.

---

Mkata Stika

Msiupake. Na ukienda kukata mpya, omba kasti, si kalenda.